Kuhamisha printa kubwa kutoka ghorofa ya Mji Mkongwe hadi nyumba mpya: mwongozo kamili

Printa kubwa nyingi zinazoharibika wakati wa kuhama haziangushwi. Zinafika nyumba mpya nzima, hazina hata mkwaruzo, wachukuzi wanalipwa na kushukuriwa. Kesho yake mwenyewe anaiwasha, na taa nyekundu haizimiki. Wino ulitoka mahali pake njiani: umemwagikia ubao wa umeme, au umerudi nyuma kwenye mirija na kuvuta hewa, au hedi, kile kichwa kinachorusha wino kwenye karatasi, ilitoka kwenye kofia yake ikakauka. Kwa hiyo kazi ya kuhamisha inaanzia kwenye wino na kwenye kuiweka mashine sawa isiiname. Nguvu za kubeba ni jambo la baadaye, na hizo kwetu hazikosekani.

Ninazungumzia hasa printa za wino wa maji za inchi 24, 36 na 44, yaani zinazochapa upana wa sentimita 61, 91 na 112. Ndizo wanazotumia wachora ramani za majengo, wapiga picha na wenye studio ndogo zilizomo ndani ya nyumba. Za mabango, zenye wino wa mafuta, zina mambo yake na nitazigusa tu. Ile ya mita 3.2 usiiguse bila fundi anayejua kuifungua na kuifunga tena.

Hesabu siku mbili za matayarisho kwa asubuhi moja ya kubeba. Ukiona uwiano huo umegeuka, jua kuna kitu umekiruka.

Pima njia kabla hujamwita mtu

Mashine ya inchi 44 ina mwili unaopita mita moja na nusu kwa urefu, na kuna zinazokaribia mita 1.9. Uzito wake pamoja na miguu aghalabu unapita kilo 100. Pima yako mwenyewe, ikiwa na miguu na ikiwa bila miguu, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi huwa ni ya boksi.

Kisha tengeneza kiunzi. Chukua mbao nyembamba, zigongelee pamoja zitoe mstatili wenye urefu na upana sawasawa na mwili wa mashine, halafu watu wawili wapite nao njia nzima: kutoka chumbani, ukumbini, ngazini, mlangoni, hadi pale gari itakaposimama. Kiunzi kiende kikiwa kimelala sawa. Kikikwama kwenye kona ya ngazi, mashine nayo itakwama hapo hapo, na ni bora ulijue hilo ukiwa umeshika mbao za kilo mbili.

Nyumba za mawe zina vikwazo vyake. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo kugeuza kitu cha karibu mita mbili ndani ya chumba kunahitaji akili. Sakafu ya juu imelala juu ya boriti hizo hizo. Kama ni nyumba kongwe na unaona dari ya chini imebonyea au inadondosha chokaa, usikusanye watu sita na mashine mahali pamoja. Pita kandokando ya ukuta, ambako boriti zimeshikwa.

Mlango wa mbele pia utazame vizuri. Tumezoea kufungua bawa moja tu, lile lisilo na mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya. Kwa siku hiyo fungua mabawa yote mawili, na kama la pili limekaa miaka halijafunguliwa, litie mafuta jana yake. Kizingiti cha chini kiko juu, na misumari ya shaba iliyojitokeza ni hodari wa kuchana nailoni na blanketi. Tundika godoro jembamba la sponji kila upande.

Kama kiunzi hakipiti, una njia mbili. Kuna kuishusha kwa dirishani au roshani kwa kamba na kapi, kazi ya watu walioizoea, mashine ikiwa imefungwa juu ya ubao mgumu na kushikwa pembe zote nne ili ishuke sawa. Na kuna kutoa wino wote ndani ya mashine, kwa utaratibu wa kitabu chake, ndipo iinamishwe.

Wino

Hapa ndipo pa kutulia. Chapa kipimo cha nozeli, yaani mistari inayoonyesha kama vitundu vyote vya hedi vinatoa wino, andika tarehe kwenye karatasi hiyo na uiweke. Ndiyo shahidi wako: usipokuwa nayo, ukiona mstari umekatika nyumba mpya hutajua kama ni kosa la njiani au ulikuwepo tangu zamani.

Fungua kitabu cha mashine yako, si cha jirani, maana watengenezaji hawafanani. Canon nyingi za imagePROGRAF zina sehemu ndani ya menyu ya kutayarisha mashine kwa kuhamishwa; ukiibonyeza, hunyonya wino uliomo kwenye mirija na kuupeleka kwenye katriji ya matengenezo. Hiyo katriji iwe na nafasi kabla hujaanza, au uwe na mpya mkononi, la sivyo mashine itasita katikati ya kazi. Kuna nyengine ambazo kitabu chake kinakataza kabisa kutoa katriji za wino, kwa sababu ukizitoa nozeli zinakauka. Fundi atakayekwambia “zote sawa, toa tu” mshukuru, mpe chai, halafu fuata kitabu.

Jambo ambalo ni moja kwa zote ni kuzima. Zima kwa kitufe cha mashine yenyewe na usubiri mpaka kila kitu kinyamaze. Wakati huo hedi inarudi mwisho wa reli, mara nyingi upande wa kulia, na kukaa juu ya kofia laini ya mpira inayoifunika isikauke. Ukizima kwa swichi ya ukutani, au umeme ukikatika mashine ikiwa kazini, hedi inaweza kubaki katikati, wazi, na njiani itakwenda na kurudi kwenye reli kila gari inaporuka shimo. Kabla ya kuchomoa waya, inua kifuniko utazame kwa macho: hedi imeingia nyumbani kwake? Kama haikuingia, iwashe na uizime tena. Usiisukume kwa mkono.

Kwa mashine za wino wa mafuta, au zile zilizofungwa chupa za wino pembeni, funga vali zote, shusha chupa na uzisafirishe peke yake zikiwa zimesimama ndani ya ndoo. Wino huo unakauka vibaya na mvuke wake haufai kufungiwa ndani ya gari pamoja na watu. Kama mashine itakaa siku nyingi bila kuwashwa, fundi aisafishe mirija na dawa yake kwanza.

Kuna sharti moja ambalo watu wanalidharau: usihamishe printa kwenye nyumba ambayo umeme haujaingia. Hedi iliyofunikwa vizuri inavumilia siku chache. Haivumilii kungoja mita kwa mwezi mzima.

Kufunga

Toa roli ya karatasi. Iviringishe, ifunge kwa nailoni pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu, na uibebe kwenye gari ukiwa nayo wewe mwenyewe. Karatasi ya picha ikishanyonya unyevu wa kwetu hujikunja kingo, na kingo zikijikunja hedi inazikwaruza. Fimbo ya roli, waya wa umeme, waya wa mtandao na karatasi ya kipimo vitie kwenye begi moja.

Mashine mpya huja na vibano na skrubu za rangi ya kung'aa za kuzuia hedi isitembee. Kama unavyo bado, virudishe mahali pake. Kama ulivitupa, zuia hedi kwa kipande safi cha sponji kilichoshikiliwa na tepu ya karatasi, na ufunge vifuniko vyote kwa tepu hiyo hiyo, isiyoacha gundi. Ndani utaona utepe mwembamba wa plastiki, unaopenya mwanga, umekatiza kutoka kushoto hadi kulia nyuma ya hedi. Huo ndio unaoiambia mashine hedi iko wapi. Usiushike, usiufute, usiupitishie tepu. Alama moja ya kidole chenye mafuta inatosha kuifanya mashine ijigonge ukutani mwake.

Hesabu vipande vya tepu ulivyobandika na uandike idadi juu ya mashine. Utashukuru.

Fungua miguu. Piga picha za simu kila hatua, na skrubu za kila mguu zitie kwenye mfuko wake, mfuko ufungwe kwenye mguu wenyewe. Kuhamisha mashine ikiwa juu ya miguu yake ya magurudumu ni kwa kuvuka chumba kwa chumba kwenye marumaru, basi. Kwenye mawe ya kichochoro yale magurudumu yanavunjika shingo.

Sasa suala la kiyoyozi. Kama chumba chako kina kiyoyozi, kizime usiku wa kuamkia safari. Mashine iliyolala kwenye baridi ukiitoa ghafla kwenye unyevu wa asubuhi, maji yanatanda juu ya vyuma na saketi, kama gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Iache ipate joto la nyumba, ndipo uifunge: nailoni kwanza, blanketi juu yake. Wengi wanafanya kinyume, na manyoya ya blanketi yanaingia kwenye reli.

Mwisho ilaze juu ya kipande cha plaiwudi nene kilichopigiliwa mbao mbili za mbili kwa nne kwa chini. Mkono wa mchukuzi ushike mbao hizo, au mkanda uliopita chini yake, usishike plastiki ya kifuniko. Vifuniko vya printa vimetengenezwa kuzuia vumbi, havikutengenezwa kubeba uzito wa mashine.

Ngazi

Vitabu vya Epson nyingi za SureColor vinaandika kwamba mashine isiinamishwe zaidi ya nyuzi 10, mbele, nyuma, kushoto au kulia. Kwa mashine ya urefu wa sentimita 180, nyuzi 10 ni tofauti ya kama sentimita 31 kati ya ncha moja na nyengine. Ipime kwa rula uone ilivyo ndogo. Sasa iweke kwenye ngazi: kidato kikiwa na kimo cha sentimita 20 na kina cha sentimita 25, watu waliosimama kwa umbali wa mita moja na nusu wanatofautiana kwa vidato sita, yaani sentimita 120. Ina maana wa chini waubebe mzigo begani na wa juu wainame waushike karibu na magoti. Hakuna mtu anayefanya hivyo kwa kubahatisha. Lazima waambiwe kabla, tena waonyeshwe kwa kile kiunzi cha mbao.

Chukua watu wanne wa kubeba, wawili kila ncha, na wa tano asiyebeba kitu. Huyu wa tano kazi yake ni kusema. Anashuka mbele akitazama juu, anaita kila kidato, na yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema “simama”. Mikanda ya kubebea inayopita chini ya ubao na kupanda mabegani ni bora kuliko mikono mitupu, kwa sababu unairefusha ya juu na kuifupisha ya chini. Ncha zote mbili hazilingani uzito; ile yenye kofia ya hedi na pampu aghalabu ni nzito zaidi, mpe mwenye nguvu.

Ngazi yenye upana wa chini ya sentimita 90 haina nafasi ya watu wawili bega kwa bega. Kwa mashine ya kilo mia na ushei, hapo rudi kwenye zile njia mbili nilizozitaja. Usiwaache watu wawili wakajaribu.

Na kwenye kona ndipo utasikia maneno haya, karibu kila mara, kutoka kwa mchukuzi mkubwa kuliko wote, jasho linamtiririka:

“Mwanangu, tuisimamishe kidogo tu. Itapita.”

“Mzee wangu, samahani. Ikisimama imekufa. Turudi juu vidato viwili tuanze upya.”

Yeye kabeba makabati na mafriji miaka yote hiyo, na makabati yanasimamishwa. Hana kosa. Ndiyo maana maelewano yafanyike chini, kabla ya kupanda: mwambie ndani mna wino, isisimamishwe hata kwa dakika moja, na bei mliyopatana ni ya kuifikisha ikiwa imelala, hata kama itachukua asubuhi nzima. Patana kwa kazi nzima, si kwa safari, na malipo yawe mwisho. Anayelipwa kwa safari anakimbia.

Kichochoro na barabara

Anza baada ya sala ya alfajiri. Mkunazini, Hurumzi au Kiponda saa hiyo hakuna vespa, hakuna meza za maduka, wala watalii wanaosimama kupiga picha katikati ya njia. Ijumaa mchana usiithubutu. Msimu nao uutazame: wakati wa masika, Machi hadi Mei, hata asubuhi yenye jua inaweza kukugeuka kabla hujafika Darajani, kwa hiyo turubai liwe juu ya mabega ya watu na si kwenye gari linalokungoja.

Kichochoroni wabebe mzigo juu zaidi ya baraza, maana chini njia inakuwa nyembamba kuliko inavyoonekana. Rikwama naikubali kwa kipande kifupi kilichonyooka, kama ina matairi ya upepo na godoro chini. Juu ya mawe, kwa mwendo mrefu, mtikisiko wake ni mbaya kuliko wa gari.

Gari iwe kenta yenye turubai, au keri kama kiunzi chako kimeingia ndani yake na mlango wa nyuma ukafungwa. Mashine ilale kwenye magodoro, mbele karibu na kibini, isikae nyuma ya matairi, ambako kila tuta linaruka mara mbili. Mikanda ipite juu ya ubao na mwili, si juu ya kifuniko, na ikazwe kiasi cha kuzuia kuteleza tu. Mtu asikae juu yake. Lami hadi Fuoni au Bububu haina neno. Ni ile njia ya ndani, ya vifusi, baada ya kuacha barabara kuu, ndiyo inayotaka dereva ashuke kwanza aitazame kwa miguu.

Kama unahamia Pemba, ichukue kwenye gari inayoingia ndani ya feri ya magari kutoka Malindi hadi Mkoani, na isishushwe mpaka mlangoni pako. Kuipakia na kuipakua bandarini kunaongeza mikono minne au mitano usiyoijua. Chumvi ndiyo adui wa humo baharini, kwa hiyo nailoni izungushwe mara mbili na vipakiti vya kunyonya unyevu viongezwe ndani. Msimu wa kusi, kuanzia Juni, bahari huchafuka. Ukiweza kusubiri, subiri.

Nyumba mpya

Chumba kiwe kimemalizika. Nimeona watu wanaingiza printa huku fundi wa marumaru yuko chumba cha pili anakata. Vumbi la saruji likiingia kwenye kofia ya hedi halisafishiki kwa kitambaa. Nyumba iliyo karibu na bahari, Mbweni au Chukwani kwa mfano, usiiweke mashine mbele ya dirisha linaloelekea pwani, hata kama mandhari ni mazuri. Iache umbali wa kutosha kutoka ukutani ili ufungue nyuma na karatasi ishuke bila kugusa.

Funga miguu, iweke mashine juu yake, kaza breki za magurudumu, kisha weka pima maji juu ya kiunzi cha chuma cha mashine, si juu ya kifuniko. Iwe sawa pande zote mbili. Bado ikiwa ndani ya nailoni yake, iache saa kadhaa chumbani ipate joto la hapo ndipo uifunue. Toa tepu, hesabu, linganisha na ile namba uliyoandika. Ikipungua moja, usiwashe mpaka uipate.

Umeme wetu ni volti 230, na printa inataka tundu lenye waya wa ardhi uliofungwa kweli. Nyumba mpya nyingi zina tundu la pini tatu ambalo ile ya tatu haiendi popote. Mpe fundi wa umeme alipime. Weka stabilaiza nzuri. Na kama ulitoa wino, mashine ikiwashwa itaanza kuujaza upya kwenye mirija, kazi ambayo haitaki kukatizwa, kwa hiyo tazama kwanza Tukuza, mita yako ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti ngapi. Ni jambo dogo mpaka giza liingie katikati ya kujaza.

Ikishatulia, chapa kipimo cha nozeli na ukiweke kando ya kile cha zamani. Mistari ikikatika, safisha mara moja ya kawaida, iache mpaka kesho, upime tena. Kusafisha mara tano mfululizo kunamaliza wino na kujaza tenki la wino taka, na mara nyingi hewa iliyoingia hutoka yenyewe kwa kupumzika. Kama kipimo ni kizuri lakini rangi moja inafifia katikati ya picha kubwa, mara nyingi hiyo ni hewa kwenye mrija wa rangi hiyo. Chapa vipande vidogo kwa siku mbili tatu kabla ya kupokea kazi ya mteja. Baada ya hapo rekebisha mkao wa hedi, na pia mvuto wa karatasi, kutoka kwenye menyu, hata kama unaona picha iko sawa.

Pima maji irudi tena baada ya wiki moja, kwa sababu magurudumu hujibonyeza na skrubu za miguu hulegea kidogo kwa mtikisiko wa kuchapa. Zikaze. Vibano vya kuzuia hedi, na ule ubao wa plaiwudi, vipe nafasi juu ya kabati, maana kuvitafuta upya ni kazi kubwa kuliko kuviweka.